Moyo Mweupe wa Ushanga: Maoni Yetu juu ya Gundi ya Shanga za Chupa



Wazee wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumekumbuka methali hii siku ya maonyesho ya wanafunzi, hapa Kasongo, tulipoona meza imejaa shanga zilizotengenezwa kwa chupa za bia zilizotwangwa. Wageni walipiga makofi. Wazazi walifurahi. Kijana mmoja alisimama akasema shanga hizi ni nyeusi juu ni za asili, juu babu zetu walizitengeneza hivyo. Watu wakapiga makofi tena.

Sisi tuliokuwa tunafundisha kazi ile tulinyamaza. Leo tunaona kunyamaza kwetu kulikuwa kosa, na katika kurasa hizi tunataka kulirekebisha. Zile shanga hazikuwa nyeusi kwa sababu ya mila. Zilikuwa nyeusi kwa sababu ya masizi. Gundi tuliyoshikanishia unga wa kioo ilikosa nafasi ya kutoka, ikaungulia ndani. Kuita kosa la jikoni mila ya mababu ni kuwasingizia mababu, na ni kuwafunga watoto wasijifunze kazi.

Kwanza tuseme wazi shanga zimetoka wapi. Katika nchi yetu, kuanzia Kabambare mpaka ng'ambo ya Lualaba, mababu walijua kufua chuma, kufinyanga vyungu, kuchonga pembe na miti, kusuka mikeka. Lakini shanga za kioo walizovaa bibi zetu zilikuja kwa biashara. Huku juu, kwenye mto huuhuu wa Lualaba, makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbuliwa mwaka 1957 na 1958, na mali ya wafu ilionyesha kwamba vitu vya kutoka mbali, kama kauri za baharini, vilifika huko zamani sana. Katika karne ya 19 misafara ya Zanzibar ikapanua njia. Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kati ya 1869 na 1871. Akafika Nyangwe mwaka 1871. Cameron akaja mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip, mpaka vita vya 1893 vilipoleta utawala mwingine. Katika miaka hiyo yote shanga zilikuwa fedha. Ukileta rangi ambayo watu wa mahali hawaitaki, ulilala njaa na mzigo wako kichwani.

Burton, aliyesafiri mpaka ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika majina ya shanga za njiani. Ile nyekundu ya marijani iliitwa samesame, na ilikuwa na majina ya utani pia: kimaliza chakula, juu mtu alitoa hata chakula chake ili aipate. Shanga za namna hiyo zilitoka Venisi, katika nchi ya Italia. Basi ushanga kwetu ni mgeni aliyepewa kiti, akaoa, akazaa, akawa mwenyeji. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kudanganya juu ya ukoo wake.

Bibi mmoja wa njia ya Kabambare alitufundisha somo hili kuliko vitabu. Tulimpelekea shanga zetu atoe maoni. Alichukua moja, akaiweka katikati ya meno, akauma kidogo. Akasema: "Mwalimu, mwanangu, hii inalia mchanga. Bado kupikwa." Kisha akafungua kitambaa chake, akatoa kamba ya shanga nyekundu alizorithi kwa mama yake. Moja ilikuwa imevunjika. Ndani ya wekundu ule mlikuwa na moyo mweupe, safi kama unga wa mihogo. Mafundi wa zamani waliweka kioo cheupe ndani ili wekundu wa juu ung'ae. Bibi akaomba avunje ya kwetu. Ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria.

Siku ile tulielewa swali letu halikuwa la rangi. Lilikuwa la moyo wa ushanga.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa wale ambao hawajaiona. Chupa inaoshwa, inavunjwa ndani ya gunia lenye maji, inatwangwa katika kinu cha chuma, inachekechwa kwa kitambaa. Unga huo ukiwa mkavu haushikani. Ukiufinya mkononi unamwagika kama mchanga. Ndiyo maana mtu anatafuta gundi. Anachanganya, anapata rojo, anafinyanga ushanga kuzunguka kijiti cha majani, anaanika. Wakati huu gundi ndiyo bwana wa kazi. Bila gundi hakuna umbo.

Lakini motoni mambo yanageuka. Kioo cha chupa kinaanza kushikana chenyewe kwa chenyewe karibu na digrii 700. Kuanzia hapo chembe zinakumbatiana, na matundu madogo kati yao yanazibika. Gundi ya mimea inaanza kuungua mapema zaidi, karibu na digrii 200 na 300, inakuwa mkaa, na mkaa ule ukipata hewa unamalizika kabla au karibu na digrii 500. Kwa hiyo kuna mlango kati ya digrii 300 na 650. Gundi lazima ipite mlango ule kabla kioo hakijaufunga. Ikichelewa, inabaki ndani kama mwizi aliyefungiwa nyumbani: inatoa hewa, inaleta mapovu, inaacha masizi. Gundi nzuri ya kioo, basi, ni ile inayoshika vizuri ikiwa baridi na kuondoka bila alama ikiwa moto. Mtu asiisifu kwa nguvu ya kushika peke yake. Saruji pia inashika.

Kwa kipimo hicho tuziangalie gundi zilizotumika katika kazi za wanafunzi wetu, moja moja.

Ya kwanza ni sukari, na ndugu yake asali. Wanafunzi wanaipenda juu rojo linakuwa tamu kushika, laini, na ushanga ukikauka unakuwa mgumu kama peremende. Motoni sukari inayeyuka, inachemka, inavimba, kabla ya kuungua. Ule uvimbe unasukuma unga wa kioo huku na huku. Shanga za sukari zilitoka na matumbo, nyingine zimepasuka ubavuni. Tena mchwa na siafu walizivamia kwenye kianio kabla moto haujawashwa. Kwa shanga, tunaikataa.

Ya pili ni unga wa mihogo uliopikwa kama uji. Hii ndiyo iliyotumika zaidi, na ndiyo iliyotuletea ule weusi uliopigiwa makofi. Kosa si la muhogo. Unga wa sokoni una nyuzi, una vumbi la mahali ulipoanikwa, na watoto waliweka mwingi mno: uji mzito kama wa bugali. Gundi ikizidi, kazi ya kuiondoa inazidi. Nyuzi zinaacha majivu, na majivu hayaondoki hata moto uwe wa namna gani.

Ya tatu ni wanga wa mihogo uliochujwa: ule unaopatikana ukikuna mihogo mibichi, ukaosha kwa maji mengi, ukachuja kwa kitambaa, ukangoja weupe utue chini. Wanga huu hauna nyuzi na majivu yake ni machache sana. Kijiko kimoja kwa vijiko ishirini vya maji, upikwe mpaka ung'ae, upoe, ndipo unga wa kioo uchanganywe nao, kidogo kidogo, mpaka rojo lisimame bila kutiririka. Katika zote tulizojaribu, hii ndiyo tunayoisimamia. Inapatikana katika kila nyumba ya Kasongo na Kabambare. Ubaya wake ni mmoja: inachacha kwa siku mbili. Ipikwe ya leo kwa kazi ya leo.

Ya nne ni utomvu wa mti. Huko Kiffa, katika nchi ya Moritania, akina mama walijulikana kwa shanga ndogo za unga wa kioo, zenye michoro ya rangi iliyopangwa kwa ncha ya sindano. Walishikanisha unga wao kwa mate au kwa gundi ya mti wa mgunga iliyolainishwa kwa maji, na walipika shanga zao ndani ya makopo ya sadini juu ya makaa. Gundi ile ya mgunga ni nzuri kwa michoro, juu rojo linatii sindano. Lakini mgunga ule ni mti wa nchi kavu za kaskazini, kwetu haupo. Wanafunzi walijaribu utomvu wa mwembe. Unashika, lakini ni mchafu, una rangi, na kuusafisha ni kazi ndefu kuliko kukuna mihogo. Mtu aliye na subira autumie kwa michoro ya juu tu.

Ya tano ni gundi nyeupe ya dukani, ile ya makaratasi na mbao. Inafanya kazi ikiongezwa maji mengi, na ikipewa hewa inaondoka. Lakini ikiungua inatoa harufu kali ya siki inayochoma macho, na inatoka mbali kwa pesa. Juu ya nini tununue kwa mwenye duka kile ambacho shamba linatupatia?

Ya sita, mafuta ya mawese. Mtu mmoja aliyeshauri hivyo tunamheshimu kwa umri wake, lakini hapa tunakataa kabisa. Mafuta hayashikani na maji, na yanatoa masizi kuliko kitu chochote. Mawese yabaki kwenye sombe.

Kumbe, ndugu wasomaji, hata gundi bora inaweza kuonewa na moto mbaya. Hili ndilo kosa letu kubwa sisi walimu, na tunalikiri. Tuliweka shanga ndani ya kopo la maziwa, tukafunika kifuniko tangu mwanzo ili majivu yasiingie, tukaweka juu ya mbabula, na vijana wakapepea kwa nguvu zao zote juu kengele ya mwisho ilikuwa karibu. Kufunika kuliinyima gundi hewa. Kupepea kulifunga kioo haraka. Tulifanya makosa mawili pamoja, kisha tukashangaa matokeo.

Sasa tunafanya hivi. Shanga zilizokauka vizuri, siku mbili kivulini, zinawekwa juu ya kigae cha chungu kilichopakwa udongo mweupe ili zisigande. Kigae kinakaa wazi juu ya makala machache, mbali kidogo. Hakuna kupepea. Unaangalia rangi. Mwanzo ushanga ni mweupe, juu unga wa kioo ni mweupe hata ukitoka kwa chupa ya kijani. Kisha unakuwa kahawia. Kisha mweusi, na moshi mwembamba unatoka. Hapo mwanafunzi anaogopa, au anafikiri kazi imekwisha. Hapana, ngoja. Polepole ule weusi unakuwa kijivu, na mwisho ushanga unarudi mweupe, kutoka nje kwenda ndani. Weupe wa pili ndio alama. Gundi imeondoka. Wakati huo ushanga ni dhaifu sana, hauna cha kuushika, kwa hiyo usiuguse. Sasa ndipo unafunika kwa kigae kingine, unazidisha makala, unapepea mpaka ndani ya kigae kuwe kwekundu kabisa na ushanga uanze kung'aa kama uliolowa. Baada ya hapo unauzika katika majivu ya moto, upoe mpaka asubuhi. Ukiutoa haraka utapasuka wenyewe, hata baada ya siku kadhaa.

Tena kila mpiko, ushanga mmoja uvunjwe. Mmoja tu, lakini uvunjwe mbele ya wote, watazame moyo wake. Ukiwa na weusi ndani, mpiko wote urudiwe na mwalimu aulize nani alikuwa na haraka. Ukilia mchanga kwenye meno ya bibi, moto haukutosha. Mwanafunzi asichanganye pia chupa za namna mbili katika ushanga mmoja, juu vioo viwili havinywei sawa vikipoa, na vikigombana vinapasuka.

Kuna wanaotuambia: "Mwalimu, mnatafuta usafi wa kizungu. Acheni watoto." Tunajibu kwa mifano ya Waafrika wenyewe. Katika bonde la Limpopo, kusini mwa bara, kabla ya mwaka 1200 mafundi wa mahali panapoitwa K2 waliyeyusha shanga ndogo zilizotoka ng'ambo ya bahari wakazifanya upya, kubwa, katika kalibu za udongo. Huko Ile-Ife, katika nchi ya Nijeria, mafundi walitengeneza kioo chao wenyewe kati ya karne ya 11 na ya 15, na vyungu vyao vya kuyeyushia vimepatikana. Hao walikuwa mababu wa Afrika, na hawakuita masizi mila. Walitawala moto.

Na mfano unaotufaa zaidi uko Ghana, kwa watu wa Krobo. Wao wanatwanga chupa kama sisi. Lakini kwa shanga zao nyingi za unga hawaweki gundi yoyote. Wanamwaga unga mkavu katika vishimo vya kalibu ya udongo iliyopakwa udongo mweupe, kisha katikati ya kila kishimo wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu inaingia katika tanuri lililojengwa kwa udongo wa kichuguu. Kioo kinashikana, kikonyo kinaungua, na mahali kilipokuwa panabaki tundu la kupitisha uzi. Baadaye shanga zinasuguliwa kwenye jiwe, kwa mchanga na maji, mpaka ziwe laini.

Tazameni akili hiyo. Muhogo, chakula chetu cha kila siku, ndio uliochaguliwa kwa sababu unajua kuondoka. Tuna mihogo. Tuna vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Tuna wafinyanzi ambao watoto wao hawataki tena kufinyanga. Kalibu moja ya udongo ingeondoa nusu ya shida zetu za gundi, na ingempa kazi mama mfinyanzi ambaye leo sufuria za dukani zimemnyang'anya wateja. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: ushanga wa kawaida ufanywe kwa kalibu bila gundi, wanga uliochujwa ubaki kwa michoro na kwa maumbo ambayo kalibu haiwezi. Tulianza na swali la gundi gani ni nzuri. Jibu letu la kwanza ni: ile kidogo kabisa.

Neno moja la hatari, na tafadhali msilipite. Unga wa kioo usitwangwe mkavu. Vumbi lake linaumiza mapafu na macho. Twangeni ukiwa umelowa, na mtwangaji afunge kitambaa puani. Msitumie mate kushikanisha wala kulamba kijiti chenye rojo. Vioo vya televisheni kubwa za zamani vina risasi, ambayo ni sumu kwa watoto, na taa ndefu za mirija zina zebaki. Vyote viwili visitwangwe kamwe, hata kama vinatupwa bure. Chupa ya kinywaji iliyooshwa inatosha. Na mbabula iwe nje, si darasani, juu moshi wa makala unaua bila kelele.

Tumalizie pale tulipoanzia. Katika maonyesho yanayokuja, tunaomba wale watakaotoa zawadi wasiangalie meza kwa mbali. Washike ushanga, waangalie tundu, waombe mmoja uvunjwe. Kijana aliyesema weusi ule ni wa mababu hatumlaumu. Alirudia lile ambalo sisi wakubwa tulimwachia aseme. Lakini akiambiwa ukweli leo, kesho atakuwa fundi. Akipigiwa makofi kwa kosa lake, atazeeka nalo, atalifundisha kwa watoto wake, na baada ya miaka hamsini mtu ataandika katika kijitabu kama hiki kwamba shanga za Kasongo ni nyeusi kwa asili.

Mwezi uliopita tulirudi kwa yule bibi na ushanga mmoja wa kijani, wa weupe wa pili. Akauma. Haukulia. Akauweka katika kitambaa chake, pamoja na zile nyekundu za mama yake, akafunga fundo, na hakuturudishia.